Wageni Wanapokuja na Majibu

Nilipoanza kazi ya kutembeza wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ulipokuwa ndio kwanza umetiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mgeni aliteremka bandarini Malindi na kitabu cha mwongozo mkononi, na mengi aliyotaka kuyajua hayakuwamo kitabuni humo. Hapo ndipo ilipokuwa riziki yetu. Ilikupasa uijue tarikhi ya Seyyid Barghash, aliyeafiki kufungwa kwa soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873, kisha akajenga jumba la Beit el Ajaib mwaka 1883. Uujue mlango wa Kihindi unavyopambanuka na wa Kiarabu. Na uwe na lugha mbili tatu, maana Mfaransa hapendi kuhadithiwa kwa Kiingereza, nami kwa sababu hiyo nilikwenda chuo cha lugha cha Takiluki kusoma Kifaransa.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Zilitangulia ramani za simu, ingawa vichochoro vyetu viliziemea. Ikafuata tafsiri ya mashine, ambayo Google iliitia Kiswahili mwaka 2009, na ambayo miaka ya mwanzo iliborongaboronga maneno. Kisha mwishoni mwa 2022 programu za akili mnemba, zenye kujibu suala kwa ufasaha kama mtu anenaye, zikafunguliwa kwa watu wote, na haukupita muda mrefu wageni wakawa wanawasili na ratiba iliyokwisha pangwa na programu hizo saa kwa saa, nami natakiwa niifuate tu.

Insafu yanitaka niseme kheri ya mabadiliko haya kwanza. Nimemwona bibi mmoja wa Kipolandi, asiyejua neno la Kiingereza wala la Kiswahili, ameketi barazani Jaws Corner na wazee wanywa kahawa, simu imewekwa baina yao, wakiulizana habari za wajukuu na za bei ya samaki hata adhana ya magharibi ikawainua wazee wale. Zamani mazungumzo hayo yasingalikuwapo, kwani mimi mwenyewe sikijui Kipolandi, na mtembeza wageni mwenye haraka aghalabu hufupisha maneno ya wazee.

Lakini ratiba hizo! Mgeni mmoja aliniletea yake, imeandikwa kwa lugha safi, kwamba asubuhi tuingie Beit el Ajaib tutazame makumbusho, ilhali jumba hilo lilikuwa limefungwa, na sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, watu wawili wakafariki. Mwengine aliambiwa akaogelee Paje saa nne asubuhi, na siku ile ilikuwa ya bamvua, wakati ambapo saa hiyo bahari huwa imekupwa mbali mno, na pale alipotazamia maji akawakuta akina mama wanavuna mwani. Mtoto yeyote wa Paje angalimwambia aje alasiri. Mashine aghalabu hainyamazi pale isipojua, na mgeni, kwa ule ufasaha wa mashine, huisadiki kuliko anavyonisadiki mimi niliyesimama mbele yake; hilo ndilo linaloniuma.

Naam, usuli wa kasoro hiyo ni huu: mashine hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, na mengi yaliyoandikwa kuhusu Unguja yameandikwa na wapita njia, kwa lugha zao, baada ya kukaa juma moja. Nani aliyechonga mlango ule, nyumba hii ilikuwa wakfu wa nani, kwa nini mtaa huu ukaitwa hivi: hayo yamo vifuani mwa wazee wa Malindi na Vuga, nao kila mwaka twawazika.

Basi ndugu zangu watembeza wageni, tusishindane na simu kwa kukariri miaka na majina ya masultani, kwani huko imekwisha kutupita. Tukae na wazee, tuwaulize, tuyaandike majibu yao kwa Kiswahili, pamoja na jina la mtaa na la aliyesimulia, tuyapeleke maktaba na skuli, wangali hai wenye kuweza kutusahihisha.