Kutoka Kigoma hadi Dar kwa treni, na jumeli shingoni

Hapa kwetu Kashebere, kwenye mpaka wa wilaya za Masisi na Walikale, kuna kitu kimoja ambacho sithubutu kutembea nacho barabarani: jumeli. Ukionekana umeinua jumeli kuelekea kilima, hakuna atakayekuuliza kama unatazama ndege. Atakuuliza umetumwa na nani. Leo ni kundi hili liko kwenye kizuizi, kesho ni lingine, na kila moja lina sababu zake za kumwogopa mtu mwenye kuona mbali. Kwa hiyo jumeli yangu hukaa sandukuni, imefungwa ndani ya shati, na mimi huwatazama ndege kwa macho matupu kama kila mtu.

Ndiyo maana, miaka michache iliyopita, nilipopata likizo na pesa kidogo, niliivuka mipaka hadi Kigoma nikapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Sikuwa na biashara wala mgonjwa wa kumwona huko. Nilitaka kukaa dirishani siku mbili na kuhesabu ndege. Jamaa zangu walicheka sana. Mjomba wangu peke yake hakucheka. Yeye ni mtu wa msitu, na kila ndege ana jina lake kwa Kihunde. Siku hizo alikuwa amekimbia kijiji na kuhifadhiwa na familia moja karibu na Masisi-kati. Aliniambia: “Mpwa wangu, andika kila mmoja. Ukirudi utanisomea.”

Kwa wale ambao hawajaiona, reli hiyo ina zaidi ya kilometa 1,200. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 wakafika Kigoma mwaka 1914. Sisi wa Kivu ya Kaskazini hatuna reli. Treni ya Kongo iliyo karibu zaidi na ziwa hilo iko Kalemie, ng’ambo ya maji. Watoto wengi wa Kashebere wanaijua treni kwa picha tu.

Tuliondoka asubuhi. Katika behewa langu kulikuwa na mzee mmoja Muha na mama mwenye magunia ya chumvi ya Uvinza. Nilikuwa nimeshajifunza kusema “shikamoo”, neno ambalo kwetu hatulitumii, na likanifungulia midomo ya watu. Nilipotoa jumeli, mama akaniuliza:

“Mwanangu, unatafuta nini huko nje?”

“Ndege, mama.”

“Wa kula?”

“Wa kuangalia tu.”

Alimtazama mzee, mzee akatazama dari. Baada ya muda mzee akasema kwamba Wazungu nao hufanya hivyo, na kwamba haina madhara. Hayo maneno, “haina madhara”, niliyaweka moyoni kuliko alivyodhani. Askari alipita mara mbili kukagua tiketi, akaiona jumeli, akaendelea na safari yake. Mikono yangu ilichukua muda kuacha kutetemeka.

Baada ya Uvinza nchi inafunguka. Mto Malagarasi unatandaza maji yake kwenye nyasi na mafunjo hadi macho yanachoka. Bonde hilo, Malagarasi-Muyovozi, lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuandikwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi zenye maji, mwaka 2000. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 32,500. Ubelgiji nzima, iliyotutawala miaka yote ile, ingeingia humo na nafasi ingebaki. Hapo ndipo anapoishi korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Sikumwona. Hujificha ndani kabisa ya mafunjo, na treni haimsubiri mtu. Lakini niliona korongo wenye taji, yangeyange wengi kama vitambaa vilivyoanikwa, na tai mla samaki juu ya mti mkavu, kichwa cheupe, ametulia kama chifu kwenye baraza. Mama wa chumvi aliomba jumeli. Alimkuta yule tai, akashtuka: “Kumbe ananitazama!” Tangu hapo jumeli haikuwa yangu tena. Ilizunguka behewa zima, na watoto ndio walioniambia kila ndege aliyekuwa upande wa pili.

Mzee Muha akaniuliza kama kwetu kuna mito mikubwa namna hii. Nikamwambia kwamba maji haya haya yanakuja kwetu. Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, ziwa linatoka Kalemie kwa mto Lukuga, na Lukuga inaingia Lualaba. Mto Lowa, unaochukua mvua za milima ya Masisi na kupita Walikale, nao unaishia Lualaba. Maji ya dirisha lile na maji ya kwetu yanakutana. Mzee alifikiri kidogo, kisha akasema: “Basi maji hayaulizwi vitambulisho.” Sote tulicheka, mimi zaidi ya wote, kwa sababu vitambulisho vyangu nilikuwa nimevionyesha mara nyingi kabla ya kufika Kigoma.

Mchana wa Kaliua na Urambo ni miombo, miti myembamba na kivuli chepesi. Hapo niliona hondohondo wakivuka reli wawili wawili, na keremkeremu waliotoka Ulaya kukimbia baridi, maana ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Ni nchi ya asali. Kwenye vituo wanaiuza kwa chupa, na kijana mmoja muuzaji alinieleza habari za ndege wa asali, ndege mdogo anayemwita mtu kwa sauti na kumwongoza hadi kwenye mzinga ili naye abakiziwe nta. Wahadza wa Tanzania humwita kwa mluzi, na yeye huitikia.

Tabora tuliipita usiku, sina la kusema.

Kulipokucha kila kitu kilikuwa kimekauka. Ugogo ni nchi ya mibuyu na udongo mwekundu. Hapo kuna kwezi wa rangi ya majivu ambaye makao yake ni Tanzania. Nilimwona karibu na Manyoni, ana mkia mrefu na wala hana urembo, nami nilifurahi kama niliyekutana na waziri. Lakini abiria waliopandia huko hawakupenda mazungumzo ya ndege. Kwao ndege ni kwelea kwelea, wanaokuja kwa mamilioni na kumaliza mtama shambani, hata serikali hutuma eropleni kuwapulizia dawa. Mama mmoja alisema utoto wake wote aliupitisha akipiga debe shambani. Nikafunga daftari kwa heshima.

Kilosa giza liliingia. Milima ya Uluguru niliikosa, na Dar es Salaam tulipokelewa na kunguru, wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na ambao sasa wamejaa pwani yote. Siku hizi kutoka Dar hadi Dodoma kuna treni ya umeme, tangu mwaka 2024, inayokimbia kilometa 160 kwa saa. Ni maendeleo, sikatai. Ila kwa mtu wa ndege, treni bora ni ile inayokawia.

Daftari lilikuwa na aina 58. Niliporudi nilimsomea mjomba, nikimweleza rangi, mdomo na mlio. Aina 23 alizitaja kwa Kihunde bila kufikiri, nami nikaandika majina pembeni. Wengine alisema si wa kwetu. Nilimweleza pia habari za tausi wa Kongo, ambaye wataalamu hawakumtambua hadi mwaka 1936, Mmarekani James Chapin alipokuta wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho huko Tervuren. Mjomba akauliza kama huyo Chapin aliwauliza watu wa msitu kabla ya hapo.

Kisha aliuliza juu ya kasuku wa kijivu. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ilipigwa marufuku mwanzoni mwa 2017, lakini vitundu nimeviona kwenye pikipiki baada ya mwaka huo. Alitaka kujua kama jioni bado wanapita juu ya Kashebere kwa makundi, wakipiga kelele, kuelekea upande wa Walikale.

Nilimjibu kwamba jioni ile kabla sijaondoka nilihesabu wanne.

“Wanne,” alisema. “Andika na hao.”