Mkono wa Brunsviga

Mwanafunzi wa uhandisi wa tiba anayebonyeza kitufe na kuuona mchoro wa msukumo wa neva ukipanda na kushuka kwenye kioo, aghalabu hajui kwamba mchoro huo uliwahi kupatikana kwa kuzungusha mkono wa chuma, wala kwamba asili yake ni ngisi, kitoweo cha pwani, ambaye aksoni yake kubwa, yaani uzi unaosafirisha habari za neva, hufikia unene wa nusu milimita, ikawezekana kupenyeza elektrodi ndani yake. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walifanya hivyo Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, vita vikawakatiza. Makala zao kuu zilitoka 1952, ingawa vipimo vilikuwa vya miaka kadhaa nyuma, na tofauti hiyo haina uzito.

Chenye uzito ni meza ya Huxley. Milinganyo yao ilieleza jinsi utando wa aksoni unavyoruhusu sodiamu kuingia, kisha potasiamu kutoka, kwa kadiri ya volteji. Kompyuta ya Cambridge, EDSAC, ilikuwa imezimwa kwa marekebisho, hivyo kazi ikaangukia Brunsviga, mashine ya kukokotoa ambayo mkono wake ulizungushwa mbele kujumlisha na nyuma kutoa, na kila jibu likaandikwa karatasini kabla ya hatua iliyofuata. Msukumo unaosafiri ulikuwa na adha ya peke yake: kasi yake ilibidi ikisiwe kwanza, na kisio likikosea, volteji ilipaa au kuporomoka bila kikomo, hesabu ikaanza upya. Zilipita wiki tatu hivi. Jibu likawa mita 18.8 kwa sekunde, ilhali aksoni yenyewe ilipimwa 21.2, na pengo hilo lina heshima kuliko ulinganifu wa siku hizi unaopatikana kwa kuchezea vigezo mpaka mchoro ukubali.

Mwaka 1957 Huxley alitoa modeli ya msuli. Mwaka 1960 Denis Noble, huko London, aliigeuza milinganyo ya ngisi iufae moyo, akitumia kompyuta ya chuo kikuu kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati ambao hakuna mwingine aliyeutaka. Kisha ikaja kalisiamu katika modeli hizo, ukaja moyo mzima, zikaja programu.

Katika programu hizo kipeo cha nne cha mlinganyo wa potasiamu hunakiliwa kama aya ya msahafu, ilhali Hodgkin na Huxley wenyewe waliandika kwamba kipeo cha tano au cha sita kingelingana zaidi na vipimo, ila nafuu hiyo haikustahili usumbufu wa ziada.