Mashine ya Presha ya Shosho

Makongeni, Thika

Mpendwa Njeri,

Unauliza kama ukiongeza pesa kwenye bima yako ya afya, SHA, watamlipia Shosho mashine ya presha na ile ya sukari zikae hapa nyumbani. Hapana, hawatalipa, na si kwa sababu mchango wako ni mdogo.

Kwanza, Shosho hayumo kwenye kadi yako. Yako inakuhesabu wewe, mumeo na watoto. Nyanya yako, hata kama unga wake ni wewe unayenunua, ni kaya yake mwenyewe, ndiyo maana tulimsajili kivyake NHIF ilipoondoka na SHA kuingia Oktoba 2024. Wewe wa mshahara unakatwa asilimia 2.75 bila kuulizwa. Yeye aliangukia kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi, lakini wasio na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Kwa mtu anayetegemea 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, hiyo si pesa ya kutoa mfukoni hivi hivi. Kama una kitu cha kuongeza, ongeza hapo.

Pili, SHA hulipa hospitali. Mgonjwa anatibiwa kwenye kituo chenye mkataba, kituo kinadai, basi. Zahanati na vituo vya afya vina mfuko wao wa huduma za msingi, na huko Shosho haulizwi amechanga lini, bora awe amesajiliwa. Mchango wake unaangaliwa akifika hospitali ya Level 4 kama hiyo ya kwenu Ruiru, au hapa kwetu Thika Level 5. Mashine ya kujipimia nyumbani haimo katika hesabu hizo.

Hapo ndipo mimi hukasirika. Bima hiyo hiyo inalipa 10,650 kila mara mgonjwa anaposafishwa figo, na presha na sukari zilizoachwa bila kuangaliwa ndizo zinazowaharibu wengi figo. Mashine nzuri ya presha pale kwa kemisti haifiki bei ya kusafishwa figo mara moja. Sasa niambie nani alipiga hesabu hiyo.

Mjomba wako wa Dallas anasema tuige Marekani, kule wazee wanalipiwa kila kitu. Mwambie asome vizuri. Medicare, bima ya wazee wa huko, hailipi mashine ya kawaida ya presha ya nyumbani, isipokuwa kwa wanaosafishwa figo wakiwa nyumbani. Penye sukari ndipo wametushinda: wanachangia mashine na stripu zake, kwa kawaida 300 kwa miezi mitatu kwa anayedunga insulini, na 100 kwa asiyedunga. Hizo za pili ni kama stripu moja kwa siku. Sisi tungepata hata nusu yake kupitia zahanati, ningenyamaza.

Na ile mashine ya sukari ambayo mjomba wako alimtumia Shosho, tafadhali usiilete tena mezani. Alijipima, akaona 126, akaanza kuaga watu. Alikuwa amezoea 7 na 8 za kliniki. Kumbe ya Marekani inahesabu kwa kipimo kingine. Ugawe kwa 18, na 126 yake ni 7 yetu. Zaidi ya hayo, kila mashine hula stripu za kampuni yake, na za hiyo tumezitafuta Thika nzima hakuna. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya sukari yoyote, uliza kwanza bei ya stripu na kama ziko dukani mwaka mzima. Mashine unainunua mara moja. Pakiti ya stripu 50, mtu akipima asubuhi na jioni, haimalizi mwezi. Shosho anameza vidonge, hadungi, kwa hiyo tumuulize daktari wa kliniki apimwe mara ngapi kwa wiki kabla hatujaanza kuchoma pesa.

Kwa sasa tunaye mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mmoja wa wale 100,000 ambao Rais Ruto aliwazindua Septemba 2023 wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Ni mtu wa maana sana, hupita, huandika kwenye simu yake, na akiona namba mbaya humwelekeza zahanati. Stripu zikimwishia hupima presha peke yake. Mimi humpa chai, kwa sababu posho yao ni 5,000 kwa mwezi na anazunguka nyumba nyingi.

Kwa hiyo nunua ya presha tu. Si ile saa ya kupimia presha uliyoona mtandaoni, wala ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Chukua ya kufunga juu ya kiwiko. Nimempima Shosho mkono kwa futi ya fundi nguo: sentimita 35. Mikanda mingi inayokuja na mashine huishia 32, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha ya uongo, kisha anaongezewa dawa asizohitaji. Soma namba kwenye boksi, taka inayofika 42.

Kupima nitasimamia mimi. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, kibofu kitupu, chai baadaye. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, naandika kwenye daftari. Kwa nyumbani 135 kwa 85 ndipo tunaanza kuuliza maswali. Ikifika 180 kwa 120 na kifua kinauma au maneno yanamkwama, hatupimi tena, tunaenda Level 5 saa hiyo hiyo, nawe nitakupigia tukiwa njiani. Daftari nitalibeba kliniki. Daktari akiona namba za wiki nzima hafanyi uamuzi kwa ile moja aliyoipata Shosho akiwa amesimama foleni tangu alfajiri.

Ukija Jumamosi pitia kwa kemisti kabla ya kupanda matatu, waiwashe mbele yako na uijaribu mkononi mwako. Weka risiti, mashine ina dhamana. Ulizia kama ina waya wa umeme, la sivyo lete betri.

Tata yako