Wenzenu Wanasema Nini Juu Yetu?



Hapa Ibighi jirani zetu wengi ni Wamoravian. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Mtoto wetu huketi nao dawati moja, na maswali juu ya dini humkuta huko, wala si kanisani.

Jumamosi moja niliwauliza vijana wa Kipaimara: “Wenzenu shuleni wanasema nini juu ya Kanisa letu?” Mmoja akajibu, “Eti tunaabudu sanamu.” Nikawauliza kama picha ya marehemu babu ukutani huabudiwa na wajukuu. Wakacheka, tukapita. Mwingine akasema, “Eti twapenda pombe.” Hapo walicheka zaidi, nami sikuwabishia sana.

Kisha binti mmoja, ambaye si msemaji, akasema huku akitazama chini: “Wanasema kwetu hata maiti huulizwa kadi ya zaka.”

Nilinyamaza. Maana karani aliyeuliza ni mimi.

Ilikuwa masika, jioni, na mvua ya huku kwetu mnaijua. Kijana alikuja ofisini, amelowa, kutoa habari ya kifo cha baba yake. Mjomba wake, mzee wa Kimoravian, alisimama mlangoni. Kabla sijasema pole nilikwisha fungua daftari, nikamwambia, “Baba alikuwa na deni la miaka miwili.” Marehemu alizikwa vema, Padre alikwenda, wala hakuna aliyetozwa kitu. Lakini mjomba aliondoka na neno langu, nalo likafika shuleni.

Wala sikuwa na sheria ya kujifichia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, yawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Mwenye deni la zaka hayumo. Kanuni ya 1181 yaagiza kwamba maskini wasikoseshwe mazishi ya heshima. Zaka ni wajibu, nami nitaendelea kuikumbusha, lakini si kwa mtu aliyefiwa. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulitutaka Wakatoliki tutazame kwanza yanayohitaji kutengenezwa nyumbani mwetu. Hayo nimeyafundisha mara nyingi, nikidhani nyumba ni ya mtu mwingine.

Basi niliwaambia vijana yote. Mvulana mmoja akauliza, “Tukiulizwa tena, tujibu nini?” Nikasema: jibuni kwamba ni kweli, karani alikosa, wala Kanisa halikumtuma.

“Watatucheka.”

Huenda watacheka, nikasema.

Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa yule mzee, na vijana wawili wakanifuata bila kuitwa. Alitukaribisha chai. Nilipomwomba radhi hakunijibu upesi. Aliuliza kwanza kama kaburi la shemeji yake limekwisha jengewa. Tukasema bado. Akasema wanawe wataleta matofali Jumamosi, nasi tutafute simenti. Vijana wameahidi kuchota maji.

Daftari nimelihamishia kabatini.