Kampala kwa Miguu, Kuanzia Mulago

Kijitabu kilichonipa wazo hili kinahusu mji mwingine kabisa. Nilikikuta Wandegeya kwenye rundo la vitabu vilivyotumika, jalada limechanika, cha Kifaransa. Kinamwelekeza mgeni atembee Lyon mwenyewe, bila kiongozi na bila kumlipa mtu. Toka hapa, pinda kushoto, tazama juu, soma mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Kinaeleza pia vichochoro vinavyopita ndani ya nyumba za watu, vinaitwa traboules, ambavyo wafuma hariri walivitumia kupitisha vitambaa visilowe mvua, na wakati wa vita vikawaficha waliompinga Mjerumani. Nilisoma mpaka mwisho nikajiuliza: mimi Kampala nimekaa miaka sita, naijua njia ya ofisi, ya kanisa, ya soko na ya hospitali. Nani ameniambia nitazame juu?

Wakati huo mama alikuwa amelazwa Mulago, upande wa kansa, na mimi ndiye nilikuwa namuuguza. Asubuhi madaktari wanapopita kwenye vitanda, sisi wauguzaji tunatoka nje. Wengine wanafua, wengine wanalala chini ya mti. Mimi nikaanza kutembea. Mama ndiye aliyenisukuma. Mji huu yeye anaujua kwa dirisha la teksi tu, na kila jioni nilipoleta uji aliuliza, "Papa, leo ulifika fasi gani?" Nikijibu "pale nje tu", alikasirika. Alitaka habari.

Kwa hiyo ukitaka kuifuata njia yangu, anzia hapohapo kilimani. Hospitali ya Mulago ilianza 1913, na aliyeianzisha ni Albert Cook, daktari mmisionari ambaye tayari alikuwa na hospitali yake Mengo tangu 1897. Majengo ya zamani bado yapo, ya chini-chini, yale wanayoyaita Old Mulago. Jengo kubwa lilifunguliwa 1962, mwaka wa uhuru. Watu wanapita hapo na jerikeni na magodoro, hakuna anayetazama juu, na siwalaumu.

Nilikaa zaidi kwenye habari za Denis Burkitt, kwa sababu zilimgusa mama. Alikuwa daktari wa upasuaji hapa Mulago. 1957 akaona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, akaona mwingine, akaanza kuuliza. 1958 akaandika kuhusu uvimbe huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Halafu 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu la Ford, wakaondoka Kampala kwenda hadi kusini mwa Afrika, wiki kumi, maili 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi: huu ugonjwa mnauona huku? Ndivyo walivyojua mipaka yake. Taasisi ya kansa ilifunguliwa hapa 1967, na Mulago ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani palipoonekana kwamba kuna kansa inayoweza kupona kwa dawa, bila kisu.

Nilimweleza mama jioni hiyo. Akasikiliza, dripu mkononi.

"Ule muzungu alikuwa anatafuta ugonjwa na motokari?"

"Ndiyo, mama."

"Siye, ugonjwa ndio unatutafuta." Akacheka mpaka nesi akageuka. Kisha akauliza tena ile ya kupona kwa dawa, nimwambie polepole.

Ukishuka kilima upande wa Makerere unaingia bondeni, na bonde hilo linaitwa Katanga. Ndiyo, Katanga, kama jimbo letu la zamani kule. Mabati, mifereji, mkaa, watoto, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Nilikumbuka traboules za Lyon. Tofauti ni kwamba kule wameweka kibao ukutani. Huku kichochoro chenyewe kinahama, mtu akiongeza chumba. Kupita haraka hapa ni adabu. Ni sebule za watu.

Siku ya pili nilienda upande wa pili, Kamwokya, kwenye Makumbusho ya Uganda, na hapa ndipo ninapokuomba usiwe na haraka. Kutoka Mulago ni mwendo mfupi hadi Kira Road. Makumbusho yalianza 1908 pale Old Kampala, kwenye ngome ya Lugard, yakahamia Makerere, na 1954 yakaja hapa Kitante. Jengo ni la chini, refu, limejaa mwanga; hewa inapita bila mashine. Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani wa Frankfurt, aliyewajengea wafanyakazi wa mji ule maelfu ya nyumba. 1930 alienda kufanya kazi Urusi ya Kisovieti. Alipotaka kutoka huko, kwao kulikuwa kumeshikwa na Hitler, hakurudi. Akaja Tanganyika kulima, kisha Nairobi. Vita vilipoanza Waingereza wakamfunga kama adui, kwa kuwa ni Mjerumani. Alipoachiwa, haohao wakampa kazi ya kupanga Kololo na Naguru.

Na ndani ya jengo, mkuu wa makumbusho kutoka 1948 hadi 1957 alikuwa Klaus Wachsmann, Myahudi wa Berlin, mtaalamu wa muziki. Naye alikimbia, akafika Uganda 1937. Alizunguka nchi hii akinasa ngoma, zeze na nyimbo za watu. Ukumbi wa ala za muziki, ule ambao kila mtoto wa shule Kampala anaujua, una mkono wake.

Sasa fikiria. Mimi niliingia pale na kitambulisho changu cha mkimbizi mfukoni, nimejizoeza kuonyesha mlangoni kabla ya kuulizwa, na jengo zima lilichorwa na mtu aliyeshindwa kurudi kwao, likasimamiwa na mtu aliyefukuzwa kwao. Hakuna kibao kikubwa kinachosema hivyo. Nilisimama mbele ya zeze moja muda mrefu. Mlinzi akaja, nikadhani ataniambia nisiguse. Akauliza, "Ssebo, unajua kupiga?" Nikasema hapana, babu yangu ndiye alijua likembe. Akanionyesha zilipo likembe.

Kuna kitu kingine pale. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, pamoja na vitu vyake, yalichukuliwa na Waingereza yakawekwa Cambridge kwa zaidi ya nusu karne. Yalirudishwa 1962. Nilipomweleza mama alinyamaza, yeye ni Mkatoliki wa kweli, habari za miungu hazipendi. Halafu akasema, "Lakini kama ni yao, ni yao."

Makerere nitaipita haraka, ingawa ni nzuri. Chuo kilianza 1922. Jengo kuu, lile jeupe lenye mnara, liliungua usiku Septemba 2020, likajengwa upya kwa sura ileile. Kuna miti, kuna kivuli, hakuna anayekuuliza unaenda wapi ukitembea kama mtu mwenye kipindi. Ila sisi tunaoandika kwenye kurasa hizi tuna neno moja pale. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Chinua Achebe alikuwepo, Wole Soyinka alikuwepo, Ngugi alikuwepo akiwa bado mwanafunzi anaitwa James. Mkutano ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Aliyeandika kwa Kiswahili hakuwa na kiti, na Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kuliko wengi waliokaa mle, alifariki Tanga mwezi huohuo. Ngugi mwenyewe baadaye alilisema jambo hilo waziwazi. Mimi ningekosa sifa mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Nilikula rolex yangu kwenye nyasi, chapati na mayai yaliyoviringishwa pamoja, nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili palepale. Hazikuwa nzuri sana, lakini ziliandikwa Makerere.

Vilima viwili vya mwisho ni vya siku yake peke yake. Toka Wandegeya, pita Nakulabye, panda Namirembe. Miguu itauma. Kanisa kuu la Waanglikana unaloliona, la matofali mekundu na kuba, lilimalizika 1919. Yaliyotangulia yalikwisha moja moja: moja liliangushwa na upepo, jingine lililiwa na mchwa, jingine likachomwa na radi 1910. Wakajenga tena. Makaburini hapo amelala Albert Cook, yule wa Mulago. Kutoka kilimani niliitafuta hospitali kwa macho, nikadhani nimeiona, kule kaskazini mashariki, kitu cheupe kwenye ukungu wa moshi.

Ng'ambo ya bonde ni Rubaga, kilima cha Wakatoliki. Hapa ndipo Ufaransa yangu ya Kampala ilipo. Februari 1879 padri Siméon Lourdel alitua pwani ya Entebbe na mwenzake Bruda Amans, kwa mtumbwi. Walikuwa Mapadri Weupe, walianza safari Algiers mwaka uliotangulia. Waganda waliwasikia wakiitana kwa Kifaransa "mon père", wakamwita Mapera. Jina likakaa. Leo kuna ghorofa refu katikati ya mji, kwenye Kampala Road, linaitwa Mapeera House, na wengi wanaopita chini yake hawajui kwamba wanasema Kifaransa.

Baada ya miaka michache Waganda wakagawanyika. Waliosoma kwa mapadri wakaitwa Abafalansa, waliosoma kwa Waprotestanti wakaitwa Abangereza. Wote Waganda, ndugu, hakuna aliyeona Paris wala London isipokuwa mmoja mmoja. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana kati ya vilima hivi, na Lugard, aliyekuwa na bunduki za Maxim pale Old Kampala, akawa upande wa Abangereza. Kanisa la Rubaga likachomwa. Abafalansa wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, huko nako wakafuatwa, wakavuka ziwa mpaka Buddu. Kanisa la sasa, lenye minara miwili, lilimalizika 1925. Ndani amezikwa Joseph Kiwanuka, ambaye 1939 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kuwa askofu Mkatoliki. Niliwasha mshumaa kwa ajili ya mama. Mbele yangu mwanamke alikuwa akisali kwa Kiswahili cha kwetu, cha Bukavu kabisa, nikatoka polepole nisimkatize.

Jioni hiyo nilichelewa wodini. Mama alikuwa ameketi, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu dawa ya tatu, na alikuwa ameanza kusimulia bila mimi. Kitanda cha jirani alilazwa Nalongo, mama wa mapacha kutoka Masaka, mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Siku zote hizi, kumbe, mama alikuwa akimpa safari zangu kama vile ndiye aliyetembea. Alikuwa amemwambia kwamba Mapera alipanda mapera. Sikumsahihisha.

"Haya papa, tuambie. Rubaga."

Nikaeleza, Kiswahili kwa mama, na Kiganda changu cha sokoni kwa Nalongo. Nilipofika kwenye vita na kanisa kuchomwa, Nalongo akainua mkono.

"Buddu ndiyo Masaka," akasema. "Ni kwetu."

Akaeleza kwamba baba wa babu yake alikuwa Omufalansa. Alizaliwa karibu na Mengo, akakimbia na mama yake, mtoto mgongoni mwa mtu. Nyumbani kwao bado wanajua kilima walichotoka, ingawa hakuna aliyewahi kwenda kukaa huko tena. "Badduka," akasema, akipunga mkono kuelekea magharibi. Walikimbia.

Mama akageuka kumtazama vizuri, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Basi na ninyi mulikimbia."

"Eh, nnyabo. Na sisi."

Wakakaa kimya kidogo. Nesi alikuwa mlangoni akiwaambia wauguzaji wa vitanda vya mbele watandike chini. Mama alikuwa bado anafikiri, midomo inatembea, anahesabu kitu.

"Toka hapa mpaka Masaka kwa miguu," akasema, "ni siku ngapi?"

Nalongo hakujua. Alipanda basi siku zote. Mimi nikasema ni kilomita kama 130.

"Siku nne," mama akasema. "Kama hamuna batoto. Na batoto, sita. Na mvua, usihesabu."

Nalongo akataka nimtafsirie. Nikamtafsiria.