Kwa Nini Wengine Hawarudi Kwao

Mtu akikaa ng'ambo miaka mingi asirudi, sisi tulio nyumbani husema upesi kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kwa maoni yangu hukumu hiyo si ya haki, maana wengi wao hawakukataa kwao.

Zamani sheria ilikuwa mojawapo ya sababu. Mkenya aliyechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine alipoteza ule wa Kenya. Katiba ya mwaka 2010 iliondoa kizuizi hicho, na aliyeupoteza aweza kuomba arudishiwe. Mlango u wazi, walakini kaka yangu mkubwa, aliyekwenda Marekani kusoma mwaka 2004, hajarudi.

Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba jamaa walimchangia nauli, na baba akauza ng'ombe wawili. Basi kurudi mikono mitupu aliona ni kama kuwaibia. Akangoja apate kitu. Miaka ikapita, akaoa huko, watoto wakaingia shule. Baba akafariki, kisha mama. Sasa asema kwamba waliokuwa wakimngoja yeye wamekwisha, na waliobaki wangoja mzigo wake.

Neno hilo yafaa lifikiriwe na kila mwenye ndugu ng'ambo. Tukitaka warudi, tuwaambie waziwazi kwamba mtu ni bora kuliko sanduku lake, na kwamba atapokewa kwa furaha hata akija na nguo alizovaa tu. Hapo atakayebaki huko atabaki kwa kupenda, wala si kwa kuona haya.