Ngisi au Kibati

Mjomba anavua kwa mshipi Kunduchi, na chambo chake ni ngisi. Ngisi akishaliwa, kesho ununue mwingine. Ndiyo maana chambo bandia cha bei poa kilinivutia: waya uliopinda, kibati kinachozunguka na kumetameta kama samaki mdogo, nyuzi za mpira zinazoficha ndoana. Hicho unakitumia tena na tena.

Lakini kilibuniwa kwa maji baridi, kwa samaki wanaojificha kwenye majani ya ziwani. Maji ya chumvi hula waya mwembamba, na kikinasa kwenye matumbawe hakirudi. Pesa yangu ilitosha kimoja: kibati, au ngisi wa siku tatu.

“Kikikatika leo, mpwa wangu,” mjomba aliuliza, “kesho tunakula nini?”

Nikachukua ngisi.